Michungwa Iliyojiotea kwa Mistari

Kihonda, Morogoro
Jumapili, 11 Oktoba 1981

Mwanangu Skola,

Huu ni mwaka wa kumi na nne tangu nishuke kutoka Matombo, mimi nimejitwika godoro, wewe uko mgongoni kwa mama yako ingawa ulikwisha kuwa mkubwa wa kutembea.

Leo asubuhi, ulipokuwa ukipiga pasi gauni la safari, uliniuliza, "Baba, kesho utanisindikiza?" Nikakujibu, "Tutaona." Ukacheka. Unajua kwamba katika nyumba hii "tutaona" ni hapana iliyovalishwa nguo za kanisani. Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nyumba imetulia, na mimi nimeona ni aibu mtu wa umri wangu kumjibu mwanawe kwa "tutaona". Nakuandikia jibu lenyewe. Utalisoma njiani, lori likisha kupita mahali pa kukurudisha.

Mambo ya lori, sabuni na shuka nimeyaacha. Mama Salima amekuelekeza mara nyingi kuliko inavyohitajika, na mama yako, ambaye yuko huko juu Matombo tangu Pasaka akimuuguza bibi yako, atakuelekeza upya ukifika. Mimi nina habari moja tu ya kukueleza. Sehemu yake umeiona kwa macho yako, sehemu umeisikia kwa vipande, na najua huko juu utasimuliwa kwa namna itakayokufurahisha zaidi.

Nianze na jana. Kama kila Jumamosi jioni tulikaa barazani kwa Mama Salima kusikiliza kipindi cha wakulima. Zikapigwa zile ngoma, kisha yule bwana akatuuliza kama tumekwisha kutayarisha mashamba yetu, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa walevi. Halafu akaanza kuyasifu majivu. Tunyunyize majivu kwenye mboga, wadudu watakimbia, tufanye "kama walivyofanya wazee wetu". Ulikuwepo, uliniona nikitema mate. Kwa miaka mingi sauti hiyo hiyo ilituambia majivu ni ujinga, mkulima wa kisasa ananunua dawa ya unga dukani. Sasa dawa haipo dukani, kama sabuni isivyokuwepo, na ghafla wazee wetu wamekuwa na akili. Mama Salima aliielekea redio kama anayemjibu mkwewe. "Ewe baba, mwaka juzi uliniita mjinga. Leo ujinga wangu umekuwa dawa?"

Tulicheka sote, nami nilicheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilisikia kinyaa, na hakikuwa kinyaa cha redio peke yake. Huyo Mama Salima anayeikejeli redio anapanda bamia mahali pale pale mwaka hata mwaka, kwa sababu ndivyo alivyofanya mama yake. Ukiing'oa bamia yake, mizizi ina vinundu vinundu na inanuka. Redio imesema waziwazi: hamisha, usirudishe zao lile lile mahali pale pale. Anajibu kwamba redio haikuzaliwa Rufiji. Ni kweli, haikuzaliwa Rufiji. Lakini kwao Rufiji mto hufurika na kuleta udongo mpya. Mama yake alikuwa anahamishiwa shamba bila kujua. Hapa Kihonda hakuna mto unaomletea mtu chochote. Nilipomwambia hivyo aliniambia, "Mwalimu, wewe mwenye kujua, mbona uwanja wako hauna hata kivuli?"

Na wewe, katika miaka yote hii, hujaniuliza swali hilo. Mchicha ninapanda, nyanya ninapanda, matembele yanafika mlangoni. Mti, hata mpapai, sijapanda. Jirani zetu wameshazoea, wanadhani ni ukaidi wa Kiluguru. Nataka ujue.

Unajua kwamba kwetu ardhi hufuata mama. Mteremko tuliokuwa tunaulima Matombo ulikuwa wa ukoo wa mama yako, na mndewa, yaani mkuu wa ukoo huo, alikuwa na bado ni mjomba wake, Babu Dominiki. Mimi ni wa ukoo mwingine, ng'ambo ya mto. Nililima pale kama mkwe. Mkwe anaruhusiwa kila kitu kinachoisha: mahindi, maharage, mihogo, viazi. Mti hauishi. Anayepanda mti katika ardhi ya wakwe anatangaza kwamba haondoki, na kwamba akifa watakuja watoto wa dada zake, watu wa ukoo mwingine kabisa, kudai walichorithi. Ndivyo ardhi inavyopotea, mti mmoja mmoja.

Lakini watu wanapenda matunda, na watu wa milimani si wajinga. Ndiyo maana wakawa na neno moja dogo. Mkwe anakula chungwa, mbegu zinamdondoka kando ya njia, penye udongo mzuri, na kwa bahati penye udongo mzuri zaidi. Miaka inapita. Siku moja mndewa anapita na kusema, "Mkwe, naona una mchungwa." Mkwe anasema, "Ehe, mzee, umejiotea." Mti uliojiotea ni wa ardhi, na ardhi ni ya ukoo. Mndewa anasema ardhi yetu ina baraka. Wanachuma, wanakula wote wawili, na mkwe anaendelea kula mpaka anazikwa. Kila mtu anajua nani alidondosha mbegu. Hakuna anayeulizwa. Sharti ni moja tu: mti uonekane kama umejiotea. Uwe umekaa ovyo, mmoja huku, mwingine kule, mwingine umebanwa na mgomba.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na nilikuwa na redio. Ilikuwa ya pili kijijini, ya kwanza ilikuwa ya mapadre. Jioni za kipindi wanaume walijaa uani kwangu, nami nilikaa karibu na kile kidude kama padre na tabenakulo. Mwaka ule sauti ilisema kila kaya ipande miti ya matunda. Ikasema upandaji wa ovyo ndio unaoturudisha nyuma. Mistari, ndugu mkulima. Mistari iliyonyooka. Chimba mashimo mapana, tenganisha udongo wa juu na wa chini, changanya na samadi, pima kwa kamba.

Wenzangu walisikiliza, wakachekelea, wakaenda kulala. Mimi nilikwenda kuomba miche misheni. Nikachonga vijiti, nikachukua kamba ya mkonge, ile inayoning'inia nyuma ya mlango wetu mpaka leo, nikaivuta kukata mteremko. Mama yako alikuwa akipalilia maharage, akainuka, akauliza kama nimewaambia wajomba. Nikamwambia hii ni miti, si bunduki. Akainama, akaendelea kupalilia. Nakumbuka mgongo wake ulivyoinama. Nilidhani amekubali.

Mistari ilikuwa mitatu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, wala kabla wala baada. Ukisimama mwanzo wa mstari uliona mche mmoja tu. Mingine yote ilijificha nyuma yake. Na kusema kweli redio haikukosea hata neno moja. Miche ilishika yote. Baada ya mvua mbili watu walikuwa wanatoka vijiji vingine kuja kuitazama.

Babu Dominiki alikuja akiwa wa mwisho. Alisimama mwanzo wa mstari, akafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mkwe, na hii nayo imejiotea?"

Wengi walicheka, mimi nikadhani ananicheka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananifungulia mlango. Sikuingia. Basi kikaitishwa kikao cha wazee, na pale, mbele ya wote, akaufungua tena. Alisema, "Mkwe, sema ilijiotea, twende tukanywe."

Nikajibu, "Kwa mistari?"

Skola, sijawahi kuchekesha watu namna ile. Wazee walijipigapiga mapaja. Hata mama yako, aliyekuwa nyuma na wanawake, alijifunika mdomo kwa kanga. Uso wa Babu Dominiki ukafunga, ukawa kama mlango wa duka siku ya Ijumaa Kuu. Nami nilikuwa nimelewa kicheko cha watu, nikaendelea. Nikawaambia redio imesema ardhi sasa ni mali ya umma. Yeye akasema, "Umma ndio sisi." Na kicheko cha pili kikawa chake.

Akaniwekea njia tatu: ng'oa, au sema, au shuka. Nikashuka. Mama yako alifunga mizigo, akakupandisha mgongoni, akanifuata. Hakuna aliyemlazimisha. Ardhi ilikuwa yake, wajomba walikuwa wake, angeweza kubaki na wewe, na mimi nikashuka na redio yangu.

Nilidhani watakata ile miti. Ningependa waikate. Nilikuwa nimeshajiandaa kuuchukia moshi. Hawakukata hata tawi. Ilipoanza kuzaa, Babu Dominiki alitutumia kikapu kwa lori la misheni. Wewe ulikuwa darasa la pili au la tatu. Nikasema kisiguswe. Kikakaa pembeni ya mlango mpaka machungwa ya chini yakaanza kutoa maji, kisha ukungu wa kijani, kisha wale nzi wadogo. Nyumba nzima ikanuka utamu uliooza. Nilikaa nao ule uvundo, nikala ugali wangu nao, nikajiona mtu mwenye msimamo. Siku nilipotoka, mama yako akabeba kikapu akakimwaga, akasugua sakafu. Nawe ulikuwa umekwisha kula moja nyuma ya choo. Maganda niliyaona. Sikusema kitu, kwa sababu nilitaka kukuuliza lilikuwa tamu kiasi gani.

Na sasa nakuja kwenye ile Jumamosi ya masika ya mwaka jana, ambayo uliiona. Kipindi kilikwenda kumtembelea mkulima hodari wa machungwa milimani Uluguru. Nilijua kabla hajatajwa jina, nilimsikia akikohoa. Mtangazaji akasema ameona mashamba mengi lakini hajaona miti iliyopangwa kwa mistari iliyonyooka namna ile. Akauliza mzee alijuaje. Na babu yako akasema, "Nilipima kwa kamba. Mti haupandwi ovyo."

Mama Salima alisema huyo mzee anajua kilimo. Wewe ulinitazama, ukanyoosha mkono ukapunguza sauti. Nilirudi nyuma ya nyumba yetu, mate yakanijaa mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Nikaanza kung'oa mchicha ambao ulikuwa haujafika hata kidole. Usiku tulikula ule mchicha, mchanga mtupu, na wewe na mama yako mkasema ni mtamu.

Nimefikiri sana ni nini hasa kilichonichefua. Si kwamba alichukua miti; miti imesimama katika ardhi yake. Si sifa, sifa za redio zinadumu mpaka betri inapokwisha. Ni kwamba mbele ya kile kinasa sauti hata yeye hakuweza kusema ilijiotea. Neno alilonitaka nilitamke mbele ya kijiji kizima halikumtoka. Mistari ilimzuia, kama ilivyonizuia mimi. Mimi nilisema ukweli nikashushwa mlima, yeye akasema uongo akapigiwa ngoma.

Hapo ningeweza kunyamaza, nikaonekana mtu mwema. Lakini unakwenda kuishi na watu hawa, na mimi si mwema kiasi hicho. Siku ile ya kikao sikuwa natetea ukweli. Ningekuwa natetea ukweli ningesema, "Nimepanda, nimekosa, sikuwauliza." Huo ndio ukweli wenyewe, na ni sentensi fupi. Nilichotetea ni mzaha. Nilikuwa na jibu zuri mdomoni, nikashindwa kulimeza, na kwa ajili ya maneno mawili mama yako amekaa miaka yote hii katika uwanja usio na kivuli. Ningewauliza wajomba kabla ya kuchimba, ningekataliwa, halafu ningedondosha mbegu kama wanaume wengine. Leo ningekuwa nakula machungwa yaliyokaa ovyo. Nayajua hayo. Kuyajua hakujanifanya niipende ile "sema ilijiotea". Bado naona ni neno la kunyooshea wengine vidole na kujifutia mwenyewe midomo. Ninapolitamka peke yangu ulimi unanata.

Sikukatazi redio. Uende na ile yetu, betri zake zimechoka, zianike juani zitafufuka kidogo. Ile sauti inajua mashimo, samadi na nafasi kati ya miche, na kwa hayo usibishane nayo kwa sababu tu inajifanya. Inazungumza na nchi nzima kwa pamoja, kwa hiyo inadhani udongo wote hauna mwenyewe. Haitakuuliza mteremko huo ni wa nani, wala nani amenuniana na nani juu yake. Na wazee utakaowakuta watajua hayo barabara, na watakuambia upalilie shamba mpaka ling'ae kama kipara, mvua ya kwanza ikichukua udongo watasema ni Mungu. Utajikuta katikati. Mimi nilipokuwa katikati nilichagua upande uliokuwa unanichekesha. Shika jembe kwanza, cheka baadaye.

Babu Dominiki ametuma neno kwamba sehemu ya mama yako sasa ni yako, pamoja na michungwa. Ipokee. Usiikatae kwa ajili yangu. Usinifanyie kikapu kingine cha kuoza. Wewe ni mtoto wa ukoo ule kwa mama yako, na kwa mama wa mama yako. Ukitaka kuongeza mstari wa nne, vuta kamba mchana kweupe, hakuna wa kukufumbia jicho. Kamba nimeifunga ndani ya blanketi lako. Ukiitandaza chini ya mstari wa juu utaona vifundo vyake vinaangukia penye mashina. Babu yako akiwa karibu, mwache naye aone. Usiseme neno.

Mwamkie kwa adabu. Ni mzee, na hakukata miti.

Ameongeza kwamba nami nije, maana "yamekwisha". Nimemwuliza dereva aliyeleta salamu kama hilo ndilo neno lenyewe, akaapa ndilo. Yamekwisha. Yamejikwisha yenyewe, kama vile miti ilivyojiotea yenyewe, hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka. Nitaketi kivulini, nitapewa chungwa limemenywa, mtu atasema ardhi yetu ina baraka, na mimi nitaitikia. Mama yako angefurahi, najua. Ameniagizia mara mbili, na mara ya pili hakuongeza salamu. Nimelipima jambo hili tangu kuja kwa dereva, nikijiambia pengine uzee utanisaidia kumeza. Haukusaidia. Nikifikiria chungwa lile mkononi, nasikia harufu ya kikapu.

Kwa hiyo wakikuuliza, usiseme naumwa. Usinitafutie ugonjwa wa adabu. Usiseme lori lilijaa. Mwambie mama yako kwanza, mkiwa peke yenu, kisha waambie wengine, na uwaambie kwa maneno haya haya, kwa sababu nimeyachagua.

Mimi sitarudi Matombo.

Baba yako